GUGU LA MTAKATIFU YOHANA NA MBAWAKAWA WAKE

Masomo: Mathayo 3:1-12 na Yohana 3:19-30



Kila mwaka tarehe 24 Juni Kanisa letu hukumbuka Kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Sote twamjua Yohana yule wa jangwani, mwenye vazi la manyoya ya ngamia, aliyekula nzige na asali. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa huko Ulaya liko jani linaloitwa kwa jina lake, Jani la Mtakatifu Yohana, kwa sababu huchanua maua yake ya manjano siku zile zile za sikukuu yake. Na jani hilo lina adui yake, mbawakawa mdogo kuliko punje ya hindi, mwenye mgongo unaometameta kama shaba. Habari za hao wawili zimeandikwa na wataalamu wa kilimo, wala si hadithi ya kutunga. Nimeona ni vema tuzitafakari pamoja, maana ndani yake mna mafundisho kwa nyumba zetu na kwa mtaa wetu.

Jani hili hukua hata kukaribia kimo cha kiuno cha mtu. Ukiliinua jani lake mbele ya mwanga, waona vitone vingi vinavyong'aa kama vitundu vilivyotobolewa kwa sindano. Kwao Ulaya halihesabiwi kuwa adui mkubwa. Wazee wa huko walilitumia kuwa dawa ya vidonda na ya huzuni ya moyo, na hata leo lauzwa katika maduka ya dawa. Lakini lilipovuka bahari likawa jambo jingine kabisa. Huko California, katika Marekani, lilionekana karibu na mto Klamath mnamo mwaka 1900. Kufika mwaka 1944 lilikuwa limeenea katika ekari zipatazo 2,000,000 za malisho. Majani mema yakasongwa, ng'ombe na kondoo wakakonda, na thamani ya mashamba ikashuka hata wenye mashamba wakapata shida kukopeshwa fedha.

Je, ni kwa nini jani lililokuwa dawa kwao likawa pigo ugenini? Sababu kubwa ni hii: lilisafiri peke yake. Wadudu waliokuwa wakilila na kulipunguza walibaki nyumbani. Halikuwa tena na mtu wa kulizuia. Ndugu zangu, mambo mengi yanayotutesa hayakuanza kuwa mabaya. Fedha si dhambi, wala ulimi si dhambi, wala cheo si dhambi. Lakini kitu chema kikiondolewa mahali pake, kikakosa kizuizi chake, huenea mpaka kinajaza shamba lote. Kijana aliyelelewa kwa adabu hutoka kijijini akaenda mjini, ambako hakuna baba, hakuna shangazi, hakuna mzee wa kanisa wa kumwuliza ulikuwa wapi jana. Kile kilichokuwa furaha kidogo nyumbani huwa ulevi huko. Basi tusidharau wale Mungu aliotuwekea ili kutuzuia. Tunawaona ni kero, kumbe ndio ulinzi wetu.

GUGU LINALOIFANYA NURU IUMIZE

Sasa tazameni jinsi gugu hili linavyodhuru, maana hapa pana jambo la ajabu. Halimwui mnyama mara moja kama sumu nyingine. Ng'ombe au kondoo mwenye ngozi nyeupe akilila, huingia damuni kitu kinachoifanya ngozi yake isiweze kustahimili mwanga wa jua. Akisimama juani huungua. Hupata malengelenge na vidonda masikioni, puani na kinywani, hata kula kunamshinda, akakonda. Hutafuta kivuli. Jua lile lile linalowapa uhai wanyama wenzake, kwake limekuwa mateso. Mgeni akimwona atadhani jua ndilo lenye kosa. Lakini jua halikubadilika, bali yeye ndiye aliyekula kitu.

Bwana wetu alimweleza Nikodemo jambo hili hili. Alisema kwamba nuru imekuja ulimwenguni, lakini watu wakaipenda giza kuliko nuru kwa sababu ya matendo yao, na kwamba kila atendaye mabaya huikwepa nuru asije akaonekana. Je, si ndivyo tulivyo? Kuna mtu aliyekuwa akifurahia ibada tangu utoto wake. Siku hizi mahubiri yanamchoma. Akisikia Ungamo likisomwa anaona kama limesomwa kwa ajili yake. Akimwona Kasisi njiani anapitia njia nyingine. Husema, “Kanisa limeharibika, watu wa siku hizi wanahukumu mno.” Huenda ni kweli kwamba tunahukumu, na tukihukumu tutubu. Lakini ndugu, kabla hujalilaumu jua, jiulize kwa utulivu: nimekula nini?

Na sisi tunaomwona mwenzetu amejificha, tusimburute juani kwa nguvu. Mnyama aliyekula gugu hapati nafuu kwa kusimamishwa juani. Huwekwa kivulini kwa muda, akaondolewa katika malisho yale, akapewa majani mema, mpaka ile sumu imtoke. Mfungaji mwema afanya hivi kwa ng'ombe wake. Je, sisi tutamfanyia ndugu yetu mabaya kuliko mfugaji amfanyiavyo ng'ombe?

MTUMISHI ALIYEPIMWA KWA NJAA

Wale wafugaji wa California walijaribu dawa za kuua magugu, lakini gharama ilikuwa kubwa na milima ilikuwa mingi. Ndipo wataalamu wakakumbuka wadudu wa Ulaya. Nchi ya Australia ilikuwa imesumbuliwa na gugu hilo hilo mapema zaidi, nao walikuwa wamekwisha kuleta mbawakawa kutoka Uingereza na kusini mwa Ufaransa. Kwa kuwa Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeifunga njia ya Ulaya, Wamarekani wakawachukua mbawakawa hao kutoka Australia kuanzia mwaka 1944, wakasafirishwa kwa ndege za jeshi. Katikati ya vita, katika ndege zilizobeba mambo ya vita, walisafiri wadudu waliokwenda kuponya malisho.

Lakini hawakuachiwa huru mara moja. Serikali iliogopa, tena kwa haki. Mdudu alaye majani leo, kesho asije akala mazao! Basi wakawekewa mtihani mkali. Walifungiwa pamoja na mimea yenye faida: viazi vitamu, pamba, tumbaku, kitani, katani na viazisukari. Hawakupewa kitu kingine. Nao hawakuila mimea ile ikawa chakula chao, bali walikufa kwa njaa huku majani mabichi yakiwa mbele yao. Kinywa chao kilikuwa kimeumbwa kwa ajili ya gugu moja tu. Ndipo wakaruhusiwa.

Linganisheni na jambo jingine. Mwaka 1935 huko Queensland, Australia, watu waliwaleta chura wakubwa kutoka Hawaii ili wale wadudu waliokuwa wakiharibu miwa. Chura hao hawakuwamaliza wadudu wa miwa. Walikula kila kitu kingine, wakazaliana, na kwa kuwa wana sumu wakaua wanyama wa nchi waliojaribu kuwala. Mpaka leo chura hao ni pigo katika nchi ile. Nia ilikuwa njema, lakini mtumishi hakupimwa.

Mtume Yohana atuonya tuzijaribu roho, tusiamini kila roho. Ndugu zangu, matatizo yanapoingia katika nyumba zetu, tuna haraka ya kuita yeyote atakayeahidi kuyaondoa. Mtoto akiwa mkaidi, tunamwita mjomba mwenye fimbo nzito. Ugonjwa ukikawia, kuna wanaokwenda usiku kwa mganga, naye badala ya kuondoa ugonjwa anaacha mbegu ya chuki kati ya ndugu na ndugu kwa kumtaja jirani kuwa mchawi. Mtaa ukiwa na ugomvi, tunamshangilia mtu mwenye sauti kubwa kwa sababu tu anawachukia wale tunaowachukia sisi. Chura ameingia shambani.

Mtu anayefaa kumkemea mwenzake anajulikana kwa alama moja: anaichukia dhambi, lakini hana hamu ya kumla mtu. Akiona heshima ya mwenzake, haili. Akiona jina lake, haligusi. Ukimpa nafasi ya kumaliza familia nzima, yuko radhi kushinda na njaa. Wazee wa kanisa, wajumbe wa Baraza, kina mama wa Umoja wa Mama, na mimi Kasisi wenu, na tujipime kwa kipimo hicho kabla hatujafungua kinywa. Twakemea ili gugu lipungue, au twakemea kwa sababu tuna njaa?

KAZI YA MAJIRA

Kulikuwa na shida nyingine. Australia na California ziko katika pande mbili za dunia, na majira yake yamepishana: huko kiangazi, huku baridi. Mbawakawa hawa wana desturi yao. Wakisha kula na kushiba wakati wa machipukizi, huingia ardhini na chini ya mawe, wakalala usingizi kiangazi chote. Mvua za kwanza zikinyesha huamka, wakataga mayai, na watoto wao hula majani machanga ya gugu katika miezi ya baridi. Sasa walifika California majira yao yakiwa yamepinduka. Wataalamu wakawanyunyizia maji mepesi kila siku kama manyunyu ya mvua, nao wakaamka wakataga. Waliachiwa mashambani mwaka 1945 na 1946.

Mtu aliyetazama shamba lile mwezi wa kwanza angesema kazi imeshindikana. Gugu lilikuwa bado limesimama. Lakini kila mwaka watoto wa mbawakawa walikula majani ya chini, na wazazi wakala ya juu. Gugu likachipuka tena, nao wakalila tena. Gugu lisilokuwa na majani halina cha kulisha mizizi. Mizizi iliyokuwa ikishuka chini sana kutafuta maji ikadhoofika na kufupika. Mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kiangazi kikaja, na mizizi haikuyafikia maji. Likakauka. Yohana Mbatizaji alihubiri kwamba shoka limekwisha kuwekwa kwenye mashina ya miti. Hapa tunaona shoka lisilopiga kelele, likifika kwenye shina kwa njia ya jani.

Mtu husema, “Nimeomba juu ya hasira yangu mwaka mzima, na bado hasira ipo.” Mwingine asema, “Mume wangu ameahidi kuacha pombe mara tatu, na mara tatu amerudi.” Ndugu yangu, usilipime shamba kwa mwezi mmoja. Kila sala ya asubuhi ni jani moja lililoondolewa. Kila mara unaponyamaza badala ya kutukana, mzizi unapata njaa. Kila Jumapili unapokuja Mezani pa Bwana na ungamo la kweli, kuna kitu kinachokosa chakula chini ya ardhi usikokuona. Mtume Paulo aliwafariji Wagalatia wasichoke kutenda mema, kwa kuwa mavuno yana wakati wake. Kiangazi kitakapokuja, yaani siku ya jaribu, ndipo utakaposhangaa kuona kwamba lile lililokushinda zamani halina nguvu tena.

Lakini niseme neno hili waziwazi, mtu asije akalitumia fundisho la subira vibaya. Subira ni ya mtu anayepigana na gugu lake mwenyewe. Asitokee mtu akamwambia mama anayepigwa nyumbani kwake kwamba avumilie tu kwa miaka mitatu mpaka mizizi ikauke. Ng'ombe anayeungua huondolewa juani leo. Mwenye kuumizwa apewe kimbilio leo, na mwenye kuumiza azuiwe leo. Kisha kazi ndefu ya toba na ianze.

Wengine watauliza, “Je, Bwana hakukataza kung'oa magugu katika mfano wa ngano?” Ndiyo, katika Mathayo 13 bwana shamba aliwazuia watumishi wake. Lakini tusome vizuri. Katika mfano ule magugu ni watu, na watumishi walitaka kuwang'oa watu kwa macho yao wenyewe. Bwana shamba aliogopa kwamba hawangeweza kutofautisha, wakang'oa na ngano. Hakuna mahali Bwana anapotuagiza tuyaachie magugu ya mioyo yetu yakue mpaka mavuno. Mwenzako si gugu la kung'olewa na wewe. Dhambi yako ndiyo gugu, na shoka la Yohana limewekwa hapo.

LILILOSALIA KIVULINI

Matokeo yalikuwa makubwa. Mbawakawa walizaliana, wafugaji wakaja kuwachukua na kwenda kuwaachia mashambani kwao. Kwa muda wa miaka kama kumi hivi, gugu lile lilipungua huko California hata halikufikia sehemu moja katika mia ya lilivyokuwa. Majani ya malisho yalirudi, mifugo ikanenepa, na bei ya mashamba ikapanda. Katika mji wa Eureka watu waliweka ukumbusho kwa heshima ya mdudu huyu. Na si huko tu. Sisi wa Afrika Mashariki tulishuhudia jambo lililo jamaa yake, pale fukusi walipoachiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1990 kula magugu maji yaliyokuwa yamefunga bandari na kuzuia mitumbwi ya wavuvi. Magugu yale yalipungua sana, ingawa mara kwa mara yamerudi tena.

Lakini gugu la Mtakatifu Yohana halikwisha. Lilibaki wapi? Lilibaki kivulini. Mbawakawa huyu hupenda jua, hapendi kutaga mayai chini ya miti. Kwa hiyo gugu lililokuwa uwanjani liliangamia, na lililokuwa chini ya miti likaendelea kuishi. Mgeni akilitazama leo aweza kudhani kwamba ni jani la kivulini kwa asili. Sivyo. Lilikuwa likimea juani kama mengine. Limebaki kivulini kwa sababu huko hakuna anayelifuata.

Wapendwa, hapa ndipo ninapotaka kusimama kwa muda. Dhambi zetu za uwanjani zimepungua. Mlevi wa barabarani tunamwona, tunamwombea, tunamkemea. Lakini je, kivulini kuna nini? Kuna ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la baba yao. Wanapeana amani kanisani kila Jumapili, na nyumbani hawajasalimiana tangu mazishi. Kuna nyumba ambazo kelele zake husikiwa na majirani usiku, na asubuhi kila mtu husema hayo ni mambo ya ndani. Kuna daftari la fedha za kanisa ambalo hakuna anayeuliza lisomwe, kwa sababu mwenye kulitunza ni mtu mkubwa. Kuna msichana aliyeacha kuja kwaya ghafla, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini. Gugu hilo halikui huko kwa kuwa kivuli ni kwao. Linakua huko kwa kuwa tumekubaliana kutopeleka mwanga.

Dawa yake si ngumu kuieleza, ingawa ni ngumu kuifanya. Matawi yapunguzwe, jua liingie. Daftari na lisomwe mbele ya watu, ili hata mtunzaji mwaminifu apate heshima yake. Ndugu wawili na wakutane na mzee mmoja wanayemwamini. Jirani asikiaye kilio na abishe hodi. Na mwenye kubeba siri inayomla, aje kwa Kasisi au kwa Mkristo mwaminifu, aseme neno moja tu la kwanza. Mtume Yohana atufundisha kwamba tukizungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu, atatusamehe na kututakasa. Nuru itachoma kidogo mwanzoni. Baadaye itaponya.

YEYE HANA BUDI KUKUA

Neno la mwisho. Gugu lilipopungua, mbawakawa nao walipungua. Hawakugeuka kula pamba, wala hawakudai shamba liwe lao kwa sababu walilisafisha. Kazi ilipokuwa ndogo, nao wakawa wachache. Hapo namkumbuka tena mwenye sikukuu. Wanafunzi wa Yohana walimjia kwa wivu, wakimwambia kwamba watu wote wanamwendea Yesu. Naye alijibu kwa furaha kwamba Kristo ndiye wa kuzidi, na yeye wa kupungua. Tumeona watumishi wengi waliofanya kazi njema kanisani, kisha wakataka kulishwa na kazi ile milele. Mwenye kusuluhisha ugomvi asitamani ugomvi udumu ili aendelee kuitwa. Mwenye kulea yatima afurahi yatima akijitegemea. Na mchungaji afurahi kondoo wakimjua Bwana kuliko wanavyomjua yeye.

Basi wiki hii kila mmoja na achague kivuli kimoja katika nyumba yake, apunguze tawi moja.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemtuma mtumishi wako Yohana aishuhudie Nuru: tuondolee kile tulichokula kinachotufanya tuiogope nuru yako, tupe walinzi waaminifu, na sisi utufanye walinzi wasiotamani kumla ndugu, utupe subira katika kazi ndefu, na ujasiri mahali pasipofaa kungoja, angaza vivuli vya nyumba zetu na vya mtaa wetu, na kazi yako ikitimia kwa mikono yetu, utujalie kupungua kwa furaha, ili Mwanao peke yake atukuzwe, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika utumishi wa Kristo,
Kasisi wa Mtaa